Pesa zimetoka, hazijafika: kutafuta kosa kwenye nambari ya tawi

Saa tisa unusu Ijumaa alasiri, mfumo wa benki umenirudishia orodha yangu ya malipo ikiwa na mistari mitatu myekundu. Wa 7, wa 12 na wa 19. Mbele ya kila mmoja maneno yale yale: nambari ya tawi si sahihi. Mlangoni, dereva wa lori lililoleta mahindi kutoka Lugari ameegemea fremu, anasubiri nimwambie mzee wake pesa zimeingia ndipo awashe injini. Nami naukodolea macho mstari wa 7 na sioni kosa. Benki ni KCB, tawi ni Nakuru, nambari ni 1103.

Nikahesabu kwa kidole. Moja, moja, sifuri, tatu. Nne! Zinatakiwa tano. Ilikuwa 01103, na sifuri ya mbele imeanguka njiani bila mtu kuiona.

Kazi yangu ni kulipa watu kwa niaba ya duka la jumla la nafaka hapa Nakuru: wakulima wa Lugari na Moi's Bridge, wenye malori wa Bungoma, wauza magunia wa Kisumu. Makosa ninayokutana nayo ni yale yale machache, ila kila siku yanakuja na kofia mpya. Nimeyapanga hapa kwa dalili, kwa sababu aliyekwama hajui chanzo. Anajua tu kwamba simu inalia na mtu anataka pesa zake.

Nambari yenyewe inasemaje

Nambari kamili ya tawi hapa Kenya ni tarakimu tano. Mbili za kwanza ni za benki, tatu za mwisho ni za tawi. 01 ni KCB, 02 Standard Chartered, 03 Absa, 11 Co-operative, 68 Equity, 70 Family. Kwa KCB, tawi la Nakuru ni 103, Kisumu 105, Kakamega 110. Kwa hiyo KCB Kisumu ni 01105. Zile tatu za mwisho zikiwa peke yake hazina maana yoyote, maana 105 ya benki nyingine ni mji mwingine, au haipo kabisa.

Ukitaka kuipata bila kubahatisha, mwambie mwenye akaunti apige picha sehemu ya chini ya jani la hundi yake. Kuna mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu, kama zimechongwa kwa patasi: ndani yake mna nambari ya hundi, nambari ya benki na tawi, na nambari ya akaunti. Asiye na kitabu cha hundi, na wengi siku hizi hawana, aombe taarifa ya akaunti au aulize kaunta. Ile orodha ya matawi inayozunguka kwenye WhatsApp, ambayo hakuna anayejua ilitoka kwa nani na mwaka gani, mimi siigusi.

Sasa jambo ambalo lingenipunguzia jasho kama ningeambiwa siku ya kwanza. Nambari ya tawi ni kama mji kwenye bahasha, na nambari ya akaunti ni S.L.P. Mji unaipeleka barua posta ya karibu, lakini sanduku ndilo linaloamua nani ataisoma. Ukikosea tawi, mara nyingi pesa zinakataliwa au zinarudi, na pengine benki inayopokea inaitambua akaunti na kuziingiza hata hivyo. Usiutegemee wema huo. Lakini ukikosea akaunti, na ikatokea hiyo nambari ni ya mtu, una shida ya aina nyingine kabisa, nami nitaifikia.

Tena si kila njia inauliza tawi. EFT, yale malipo ya benki hadi benki yanayokwenda kwa mafungu, inauliza. RTGS, njia ya pesa nzito, mara nyingi inataka msimbo wa SWIFT, yaani utambulisho wa kimataifa wa benki, na baadhi ya fomu zinaongeza tawi. PesaLink, ile ya papo kwa hapo kati ya benki na benki, inataka jina la benki na akaunti, au nambari ya simu iliyounganishwa na akaunti. Paybill ya benki, ile nambari ya kulipia kwa M-Pesa, haina habari na tawi. Kwa hiyo mtu akinipigia kwamba pesa zimepotea, swali langu la kwanza ni moja: ulizituma kwa njia gani?

Dalili: mfumo unakataa kabla pesa hazijatoka

Hii ndiyo dalili nzuri kuliko zote, shukuru ukiiona. Pesa bado ziko kwako.

Sababu ya kwanza ni sifuri. Ya pili pia ni sifuri. Excel inadhani kila tarakimu ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, kwa hiyo inaitupa. 01103 inakuwa 1103. Tawi 005 linakuwa 5. Akaunti inayoanza na 0 inapungua tarakimu moja kimyakimya. Akaunti za Co-operative, ambazo ni ndefu na huanza na 01, hupata adhabu mara mbili: sifuri inaondoka, halafu kilichobaki kinajikunja na kuonekana kama 1.10912E+12. Nimewahi kuletewa karatasi iliyochapishwa na kupigwa muhuri, akaunti zote zikiwa zimeandikwa hivyo. Aliyeileta alikuwa amezinakili kwa mkono kwenye fomu, herufi E pamoja na alama ya kujumlisha, vizuri kabisa, kwa kalamu ya wino.

Dawa ni kuanza mapema. Kabla hujaandika nambari hata moja, chagua safu nzima ya benki, ya tawi na ya akaunti, uzibadilishe muundo ziwe za maandishi, kisha ndipo ujaze. Ukibadilisha muundo baada ya kujaza, sifuri iliyoanguka hairudi yenyewe, lazima uiandike upya. Ukiwa na nambari moja tu, anza na alama ya mkato wa juu (') kisha nambari, Excel itaiacha kama ilivyo.

Kuna mtego wa pili ambao ulinila Jumatatu mbili nzima. Benki nyingi hutaka orodha ya malipo ipakiwe kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Nilirekebisha sifuri zote, nikahifadhi kama CSV, nikalala kwa amani. Asubuhi nikaifungua nihakikishe iko sawa, nikaihifadhi tena, nikaipakia. Ikakataliwa. Nikarekebisha tena, nikafungua tena kuhakikisha, ikakataliwa tena. CSV haikumbuki muundo wa safu, kwa hiyo kila ukiifungua kwa Excel, Excel inazitupa sifuri upya. Mimi niliyekuwa nikikagua ndiye niliyekuwa nikiharibu. Ukitaka kuikagua CSV, ifungue kwa Notepad, uone tarakimu zilivyo, uifunge bila kugusa kitu.

Zoea pia kuhesabu urefu. Akaunti ya KCB ina tarakimu 10, ya Equity 13, ya Co-operative 14. Ukiona ya Equity ina 12, usihangaike kutafuta mbali, ni sifuri.

Sababu nyingine ni safu. Fomu ya benki moja inataka tarakimu tano kwenye kisanduku kimoja. Ya benki nyingine ina visanduku viwili, 01 huku na 103 kule. Ukiweka 01103 mahali panapotaka 103, mfumo unakataa, nawe utaapa kwamba nambari ni sahihi, na kweli ni sahihi, ila imekaa kiti cha mwenzake.

Benki kubadilika nayo huleta mistari myekundu, hasa kwa mwenye orodha ya zamani ya wauzaji. Barclays iligeuka Absa mwezi Februari 2020 lakini 03 ikabaki 03, kwa hiyo hapo jina tu ndilo la kusahihisha. NIC na CBA ziliungana 2019 kuwa NCBA. NIC ilikuwa 41, CBA ilikuwa 07, na NCBA ikaendelea na 07. Aliyekuwa na akaunti NIC ya Nakuru akakupa nambari zake 2017, mpigie akupe upya, tawi na akaunti vyote. Usijaribu kukisia kwa kubadilisha tarakimu mbili za mbele.

Kiasi pia kinakataza. Tangu Oktoba 2009, hundi na EFT hazivuki shilingi milioni moja. Zaidi ya hapo ni RTGS, inayopita kwenye mfumo wa Benki Kuu uitwao KEPSS, ulioanza 2005. PesaLink inaishia 999,999 kwa muamala mmoja. Najua wapo wanaoukata mzigo wa 1,200,000 vipande viwili ili upite PesaLink. Unapita, lakini umelipa ada mara mbili, umejiongezea nafasi mbili za kukosea nambari, na mwisho wa mwezi wewe ndiye utakayekaa kuoanisha stakabadhi mbili na ankara moja. Kwa pesa nzito, mimi natumia RTGS.

Na kabla ya kulaumu mfumo, angalia salio. Akaunti yenye 50,000 kamili haiwezi kutuma 50,000, kwa sababu ada na ushuru juu ya ada zinatoka hapo hapo.

Dalili: tawi ni Bungoma kwa sababu anaishi Bungoma

Hili ni kosa la fikra, na linawashika hata watu makini. Dereva mmoja wetu kwao ni Bungoma, mke na watoto wako Bungoma, pesa anazitolea Bungoma. Nilipomuuliza tawi, akanijibu bila kufikiri, "Bungoma." Nikaweka nambari ya tawi la Bungoma. Malipo yakarudi baada ya siku mbili.

Alikuwa amefungua akaunti hiyo Nakuru, miaka aliyokuwa utingo wa matatu, na hakuwahi kuihamisha. Akaunti hubaki na tawi ilikofunguliwa mpaka mwenyewe aombe ihamishwe, hata kama hajakanyaga huko miaka kumi. Siku hizi swali langu nimelibadilisha. Simuulizi mtu "tawi lako ni lipi," namuuliza "akaunti uliifungulia wapi?" Jibu huwa tofauti mara nyingi kuliko unavyodhani. Aliyefungua kupitia kwa wakala au kwa simu naye asikisie kwamba ni tawi la mjini kwake. Atazame taarifa yake ya akaunti.

Majina ya matawi nayo yana ujanja wake. Mji kama Kisumu au Nakuru una matawi kadhaa ya benki moja, moja limeitwa kwa jina la mji, jingine kwa jina la barabara au jengo. "Equity Kisumu" haitoshi. Na kuna KCB Mbale, ile ya Vihiga. Karani mgeni, akiwazia Mbale nyingine, aliwahi kuniuliza kama tunalipa mtu Uganda.

Dalili: pesa zimetoka kwangu, hazijafika kwake

Hapa ndipo watu hufanya kosa la bei ghali, kwa hiyo naanza na katazo: usitume tena.

Nilituma mara ya pili. Mama mmoja anayetuuzia magunia, yuko upande wa Kibuye pale Kisumu, alikuwa na haraka, nami nilikuwa na aibu kwa sababu tulikuwa tumemcheleweshea mwezi uliotangulia. Muamala wa kwanza ulionyesha umetoka, yeye hakuona kitu, saa nzima ikapita. Nikarudia. Jioni yote mawili yakaingia. Bahati yangu ni yeye. Alinipigia mwenyewe usiku: "Mwanangu, umenilipa mara mbili. Hizi za pili nikurudishie kwa njia gani?" Si kila mtu atakupigia simu hiyo. Mwaka uliofuata kosa lile lile nililifanya kwa mtu mwingine, na zile pesa tulizikata kwenye mizigo yake mpaka Desemba.

Basi, fuata njia ya pesa. Kama ni EFT, haiendi papo kwa hapo. Inakusanywa na kupelekwa kwa mafungu siku za kazi, na kila benki ina saa yake ya kufunga. Ukituma Ijumaa baada ya saa hiyo, umetuma Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, umetuma Jumanne. Mzee wa Lugari hajali hayo, na ana haki, lakini mwambie ukweli mapema badala ya kumwambia "tayari."

Kama ni RTGS, iliyopita kabla ya saa ya kufunga inapaswa kufika siku hiyo hiyo. Isipofika kufikia kesho yake asubuhi, kuna kitu. PesaLink ni sekunde, usiku au mchana, Jumapili au sikukuu, kwa hiyo ikikawia zaidi ya dakika chache, rudi kwenye programu ya benki uangalie hali ya muamala. Ikisema bado unashughulikiwa, mpira uko kati ya benki mbili, na ama utaingia golini au utarudishwa kwako.

Ukiamua kwenda benki, nenda na nambari ya kumbukumbu ya muamala. Pasipo hiyo utaambiwa "subiri" na utasubiri. Halafu usiulize "pesa zangu ziko wapi," swali hilo ni pana mno kwa karani mwenye foleni. Mimi huuliza mambo matatu kwa mfuatano. Je, zimetoka kwenye benki yenu, au zimekatwa tu kwangu? Kama zimetoka, benki ya pili imezipokea? Na kama imezipokea, zimeingizwa kwenye akaunti ya mtu, au zimewekwa kwenye akaunti ya kushikilia?

Swali la tatu ndilo lenye majibu. Benki inayopokea ikiona tawi halilingani na akaunti, au jina halifanani, inaweza kuziweka pembeni hadi mtu aulize. Zinakaa hapo, hazijapotea, hazijafika. Dawa yake iko upande wa mpokeaji: aende kwenye benki yake na kitambulisho na ile nambari ya kumbukumbu, na wewe mtumaji uwe tayari kuandika barua ya kusahihisha kupitia benki yako. Siku moja nilikaa kwenye simu na dereva aliye kaunta Bungoma, mimi niko kaunta Nakuru, kila mmoja na karani wake. Tulimaliza kwa dakika ishirini jambo lililokuwa limelala tangu Jumanne.

Dalili: zimerudi

Zikirudi, soma sababu iliyoandikwa kwenye taarifa yako. Usianze kwa kurudia kutuma vile vile, kwa sababu zitarudi vile vile, na ada ya mara ya kwanza hairudi nazo.

Akaunti iliyofungwa au iliyolala ni rahisi, mwenyewe aende akaiamshe au akupe nyingine. Tawi lisilo sahihi nimelieleza. Jina ndilo lenye vituko. Huku kwetu mtu anajulikana kwa mtoto wake, kwa biashara yake, au kwa jina la ukoo ambalo halipo kwenye kitambulisho. Yule mama wa magunia, kwenye simu yangu nimemhifadhi kama Mama Magunia. Kwenye daftari la duka yuko kwa jina la mume. Kwenye benki yuko kwa jina la kikundi cha akina mama alichosajili na wenzake, kwa sababu akaunti ni ya kikundi. Majina matatu, mtu mmoja, na benki inajua moja tu. Andika jina kama lilivyo kwenye akaunti, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Kama benki yake imemwandika kwa herufi moja pungufu, nawe ipunguze.

Dalili: zimefika, lakini kwa mtu mwingine

Hii ndiyo ile shida ya aina nyingine niliyoitaja. Umebadilishana tarakimu mbili za akaunti, na hiyo nambari ina mwenyewe.

Saa ya kwanza ndiyo ya thamani. Piga simu benki yako mara moja, kisha ufuate kwa maandishi: tarehe, saa, kiasi, nambari ya kumbukumbu, akaunti uliyokusudia na ile uliyoandika. Benki yako itawasiliana na ya pili, na ya pili itamtafuta mwenye akaunti. Watu hukasirika hapa kwa sababu wanataka benki ichomoe tu pesa na kuzirudisha. Haiwezi kuingia kwenye akaunti ya mteja wake bila ridhaa yake au amri ya mahakama, na fikiria mwenyewe kama ungependa iwe na uwezo huo kwenye yako. Wala haitakupa jina na simu ya aliyepokea. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inamlinda hata yeye. Akikataa kurudisha, ripoti polisi, na stakabadhi zako ndizo zitakazokusemea.

Kwa M-Pesa iliyoenda kwa nambari ya simu isiyo ya uliyemkusudia, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 haraka kabla aliyepokea hajazitoa. Kwa Paybill za benki, kama 247247 ya Equity au 522522 ya KCB, kuwa macho zaidi. Ukituma kwa mtu wa kawaida, simu inakuonyesha jina lake kabla muamala haujakamilika. Ukituma kwa Paybill ya benki, jina linalotokea ni la benki. Unaona jina unalolitambua, roho inatulia, unabonyeza, kumbe akaunti uliyoandika hujaikagua. Hapo hakuna atakayekukagulia, soma zile tarakimu kwa sauti.

Mimi sasa mtu mpya namtumia kwanza kiasi kidogo, shilingi mia moja. PesaLink inaanzia kumi tu. Anaponiambia imeingia, namuuliza ni kiasi gani na jina gani limeonekana kwenye ujumbe wake. Wapo wanaoniona mshamba.

Dalili: ujumbe umekuja, salio halijabadilika

Hii inawahusu wauzaji zaidi. Mnunuzi amekuja na lori, anakuonyesha picha ya stakabadhi ya RTGS kwenye simu yake, au ujumbe umeingia kwako kweli unaosema akaunti yako imepokea 340,000. Anakuambia apakie, jua linazama.

Fungua programu ya benki yako mwenyewe na utazame salio linaloweza kutolewa. Picha ya stakabadhi hutengenezwa kwa dakika mbili. Ujumbe wa simu huandikwa na yeyote. Na hata pale pesa zilipowekwa kweli, kama ni kwa hundi, kuweka si kuiva. Hundi inaonekana kwenye akaunti leo na kugonga mwamba siku inayofuata ya kazi, na magunia yako yako Busia. Nikiambiwa "hundi nimeweka asubuhi," najibu kwamba na mzigo nitaupakia hundi ikishakomaa. Mteja wa kweli ananuna kidogo halafu anaelewa.

Dalili: wameandika kwamba akaunti yao imebadilika

Barua pepe ilikuja kwa jina la muuzaji wetu wa siku nyingi, yuko Kisumu, nembo yake juu kabisa. Walisema akaunti ya zamani inakaguliwa na malipo yote sasa yaende kwenye benki nyingine. Nambari ya benki ilikuwa sahihi. Nambari ya tawi ilikuwepo kweli, Nairobi. Akaunti ilikuwa na urefu unaotakiwa. Kwa kila kipimo nilichoeleza hapo juu, yale malipo yangepita bila mstari mwekundu hata mmoja.

Kilichonisimamisha ni tawi. Mzee ana duka karibu na barabara ya Oginga Odinga, benki zote ziko hatua chache kutoka mlangoni pake, na sijawahi kumsikia akienda Nairobi isipokuwa kwa mazishi. Chini ya barua palikuwa na nambari ya simu ya kuthibitisha. Sikuipiga hiyo. Nilichukua daftari la zamani, nikapiga ile tuliyoitumia tangu mwanzo.

"Shikamoo mzee. Mmebadilisha benki?"

"Marahaba. Benki? Mimi sijabadilisha hata kufuli ya duka. Nani amekuambia?"

Nikamsomea barua yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsomee tena ile nambari ya tawi, polepole, aiandike.